Bahasha Yenye Jina la Djibril

Kanyosha, Bujumbura
12 Januari 2025

Dada Houda,

Assalaam alaykum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima na baridi ya Ubelgiji haijakumaliza. Sisi huku tuko salama. Mama bado yuko Gasenyi kwa kaka Massoudi. Presha yake inapanda na kushuka, lakini juzi alimaliza sahani nzima ya ugali na ndagala, halafu akalalamika kwamba chumvi haitoshi, kwa hiyo usiwe na hofu. Magari yanalala siku tatu kwenye foleni ya mafuta, na wenye magari, kwa kuchoka kukaa, ndipo wanapoona kwamba viti vyao vimechanika. Basi mume wangu Djibril ana kazi ya kuvishona.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu simu ni ya Djibril. Ukipiga, yeye ndiye anayesikia sauti yako kwanza. Mnacheka dakika kumi, halafu napewa mabaki: "Shika, dada yako huyu. Sema mbiyo, batri iko inaisha." Prodige anakuja huko mara kwa mara na biashara yake ya vipuri, na amekubali kubeba barua pamoja na mizigo. Tuandikiane.

Sasa neno lenyewe. Mzigo wa Desemba umefika: viatu, sabuni, vidonge vya Mama. Makopo hamna. Miaka minne umekuwa ukimletea Djibril ile dawa ya kupuliza kutoka kiwandani kwenu. Anaipiga kwenye housse, kile kitambaa cha kuvalisha kiti, na maji yanateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Wateja wanaiita dawa ya Houda. Djibril mwenyewe ameandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana: HOUSSE ZA HOUDA, MAJI HAYAINGII. Mimi ndiye mke, mimi ndiye ninayeshona pembe hadi vidole vinatoka damu, na jina lililo mlangoni ni lako. Nimemeza. Mtaa mzima unajua kwamba alikuja kukuposa wewe kwanza, na kwamba ulipoolewa na Ilias mkaondoka, ndipo yeye alipokumbuka kuwa nyumba ile ina binti mwingine. Hilo nalo nimelimeza, miaka kumi na moja.

Lakini sasa kazi imeanza kutulisha vizuri, na wewe unakata makopo kimyakimya, bila hata neno. Nakuuliza kama mdogo wako: unatuonea wivu?

Usimjibu Djibril. Nijibu mimi.

Mdogo wako,
Kudra

Nilikuwa nasahau. Nina mimba, mwezi wa tatu. Baada ya zile mbili zilizotoka hatukutaka kusema mapema.


23 Februari 2025

Mdogo wangu Kudra,

Wa alaykum salaam. Prodige alinipa barua yako tarehe kumi na tano, imekunjwa ndani ya soksi yake, lakini yote inasomeka. Huku mvua haikatiki. Ilias ameoa tena. Nimeambiwa na watu sokoni, na sikuuliza ni nani. Mwambie Mama vidonge vyake vingine vinakuja, asivigawe kwa majirani.

Juu ya mimba, alhamdulillah.

Juu ya makopo, yamekwisha. Kitengo chetu kimefungwa na hakuna kitu kinachotoka tena. Naomba usiniulize zaidi. Wala sina wivu na kazi yenu. Ila nina ombi moja: usikae karibu na Djibril anapopuliza, na hayo makopo yaliyobaki, ayaache yakae. Kiti bila dawa bado ni kiti.

Nimempigia Djibril mara nyingi, hapatikani. Amebadilisha laini?

Dada yako,
Houda


Kanyosha
30 Machi 2025

Dada Houda,

Salamu kutoka kwetu sote. Mfungo unaisha vizuri, na Mama amefunga siku zote ingawa tulimkataza.

Mimba yangu imeingia mwezi wa tano, na wewe umeipa neno moja. Nimelihesabu. Mbuzi wa jirani alipozaa pacha ulituma ujumbe wa sauti wa dakika mbili, ukicheka.

Halafu unaniomba nisikae karibu na mume wangu. Katika maombi yote ambayo mtu anaweza kumwomba mdogo wake mwenye mimba, ndilo ulilolipata hilo? Nilimsomea Djibril sentensi ile, nikamtazama. Aliinama akaendelea kupiga misumari midogo kwenye kiti, akasema: "Houda anaogopa bure. Mi niko muzima." Sikupenda jinsi alivyolitamka jina lako.

Jua basi kwamba sikai mbali naye. Nakaa karibu kuliko zamani. Mawazo, yule mama aliyekuwa anatusaidia, amerudi kwake Ruziba kulima, na sasa mimi ndiye ninayekivuta kitambaa pande mbili wakati Djibril anapuliza. Tunafunga mlango na dirisha ili vumbi lisishike kitambaa kibichi, na ili dawa isipotelee hewani bure. Kama hutaki kutuma mengine, tutayatunza haya. Yamebaki kumi na tisa. Harufu inanichoma puani kidogo, na Djibril anakohoa asubuhi, lakini ni vumbi la kiangazi kile kifupi, litapita.

Laini hajabadilisha. Labda mtandao wenu.

Kudra


22 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Natumaini sikukuu ilikuwa njema na Mama amepumzika. Mimi niko, nashukuru Mungu.

Kwenye mzigo huu kuna vitambaa vya mtoto na bahasha iliyofungwa, yenye jina la Djibril. Mpe mkononi siku utakayoipata. Usiifungue, nakuomba kwa jina la Mama. Si lile unalolifikiria. Yeye atakueleza kwa utaratibu, kwa sababu hali yako si ya kupewa mishtuko.

Na msifunge tena mlango ule, Kudra. Wewe usiingie humo kabisa.

Houda


Kanyosha
1 Juni 2025

Dada,

Mzigo ulifika wiki mbili zilizopita. Vitambaa vya mtoto ni vizuri, nimevifua na kuvianika. Mama anashukuru kwa vidonge. Amemgawia jirani.

Bahasha nimeiona. Imeandikwa Djibril. Si Shemeji, si Bwana Djibril. Djibril tu, na chini yake umepiga mstari. Mwandiko wako unapendeza unapotaka.

Unaniomba kwa jina la Mama nisifungue. Sijafungua. Lakini usiniulize mengine, mimi si posta.

Habari nyingine ni kwamba miguu imevimba hadi viatu vimenikataa. Léoncie, mkunga wa kituo cha afya, anasema presha imepanda, nipunguze chumvi na nilale ubavu wa kushoto. Najilaza mchana. Jioni nashuka karakana, kwa sababu viti havijishoni.

Kudra


28 Juni 2025

Mdogo wangu Kudra,

Miezi minne nimekuwa nikianza kwa salamu na mvua. Leo nisamehe nikiziruka. Nilikuwa nimekaa jikoni na barua yako, nikafika pale Léoncie anaposema presha imepanda, nikasimama, na sijakaa vizuri tangu hapo.

Nadhani Djibril hajaipata bahasha. Angeipata, wewe usingekuwa bado unashuka karakana. Basi nakuandikia wewe, na Prodige nimemwambia asinywe hata maji kwenu kabla hujaisoma barua hii mbele yake.

Oktoba mwaka jana wafanyakazi wote wa kiwandani tulipimwa damu. Ile dawa inayozuia maji ina kemikali zisizooza. Wanaziita kemikali za milele, kwa sababu zikiingia ardhini zinabaki, na zikiingia mwilini zinakaa miaka. Namba yangu, yaani kiasi kilichomo kwenye damu, ni thelathini na nne. Kuanzia ishirini kwenda juu, mtu anafuatiliwa kwa karibu. Nilipewa daktari anayeitwa Murhula, mzaliwa wa Bukavu, na nashukuru kwamba alinieleza kwa lugha ninayoielewa: "Hii namba haiseme uko mugonjwa, mama. Inasema tu tukuchunge." Hakuna dawa ya kuzitoa mwilini. Mtu akikuuzia mizizi ya kusafisha damu, mfukuze. Kazi iliyopo ni kuacha kuziingiza, na kupima mapema vile zinavyoweza kuharibu.

Kisha aliniuliza ni nani mwingine anashika ile dawa. Nilisema hakuna.

Makopo nilikuwa nayatoa bila ruhusa, Kudra, na niliogopa kufukuzwa kazi. Nilikata kutuma, nikajiambia yaliyobaki kwenu yataisha yenyewe. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na hata huo ningeweza kuusamehe.

Halafu uliandika kwamba una mimba. Haki ilikuwa kukuambia siku ileile. Nilisoma yale maneno uliyoyatupa chini ya jina lako kama kitu kidogo, nikaona wivu mpaka masikio yakapata moto. Mimi na Ilias tulijaribu miaka saba. Uliniuliza kama nakuonea wivu, nami nikakataa. Ndiyo, nakuonea. Si kwa ajili ya Djibril. Yule sikumtaka wakati ule na simtaki leo. Ni kwa ajili ya tumbo lako. Daktari aliniambia kwamba mwanamke akizaa na kunyonyesha, sehemu ya kemikali humtoka yeye na kumwendea mtoto. Mimi sina wa kumwendea, zimebaki zote kwangu. Na ikafika siku nikawaza: acha, na wao wajionee. Niliwaza hivyo nikiwa naosha vyombo, kwa akili yangu timamu. Kesho yake niliona haya kiasi kwamba sikuweza kula, lakini bado sikuandika. Wiki tisa zilipita kabla ya ile bahasha, na nikaiandika kwa jina la Djibril kwa sababu sikuweza kukutazama wewe, hata kwenye karatasi.

Sasa fanya haya. Acheni kupuliza leo. Makopo yafungeni, yawekeni mbali na nyumba. Msiyachome, msiyamwage mtaroni, kwa sababu maji ya huko yanateremka ziwani na watu wa Ruziba wanavua humo. Chumba kipanguseni kwa kitambaa kibichi, msifagie kikavu. Nguo za kazi zisichanganywe na za mtoto. Wewe mweleze Léoncie mlichokuwa mnashika, usifiche, kwa sababu kemikali hizi zinahusishwa na presha ya mimba. Akupime presha na mkojo kila anapokuona, na ukiumwa kichwa sana au macho yakaona ukungu, nenda hospitali palepale. Djibril apimwe mafuta ya damu, tezi ya shingo, figo na mkojo, asikilizwe mapafu, na ajipapase korodani anapooga. Akikuta uvimbe asione haya kusema. Kipimo cha namba yenyewe huenda msikipate huko. Murhula anasema hivi vya kawaida vinatosha kuanzia, mradi daktari ajue mlivuta nini. Ameandika karatasi kwa Kifaransa, imo ndani ya ile bahasha.

Juu ya maziwa nilimuuliza kabla hujaniuliza. Alisema ni kweli, kiasi hupita kwenye maziwa. Alisema pia kwamba kwa watoto wengi faida ya maziwa ya mama inazidi hatari hiyo, na kwamba uamuzi ni wako na daktari wako. Mimi nisiye na mtoto sitaongeza neno.

Houda


Kanyosha
17 Agosto 2025

Dada Houda,

Wa alaykum salaam, ingawa safari hii hukunisalimu. Mtoto amezaliwa tarehe kumi na tisa Julai, wa kike, kilo mbili na gramu mia nne, wiki mbili kabla ya siku zake. Anaitwa Lubna. Mimi nililazwa siku sita kwa presha, sasa imeshuka. Mama anasema mtoto ana paji lako la uso. Nilijifanya sikusikia.

Prodige alifika tarehe kumi Julai, siku tisa kabla sijajifungua. Alisimama mlangoni, soda akaikataa, nikaisoma barua yako nimeshika fremu ya mlango. Nilipomaliza alisema: "Dada yako ameniapisha. Naweza sasa kunywa?"

Sasa zamu yangu. Mtandao wenu hauna kosa. Mimi ndiye niliyeifungia namba yako kwenye simu ya Djibril, siku ileile nilipoandika barua ya kwanza. Na bahasha yako ilikaa wiki saba kabatini, chini ya vitenge vya harusi yangu. Nilikuwa na hakika ni barua ya mapenzi. Kila siku nilikwenda kuigusa. Sikuifungua, na usidhani ni kwa heshima ya Mama. Niliogopa kwamba nikiisoma itanibidi niondoke na tumbo langu, na sikuwa na pa kwenda. Kwa hiyo nilirudi karakana, tukafunga mlango, nikashika kitambaa, na karatasi ya daktari iko hatua kumi kutoka pale nilipokuwa navuta pumzi.

Wewe wiki tisa, mimi saba. Sijui nani aanze, basi naanza: nisamehe. Mimi bado sijakusamehe. Nikimwosha mtoto nakukumbuka ukiosha vyombo vyako na kuwaza yale uliyoyawaza, na mkono unasita. Labda hilo litapita, labda la. Nakuambia ili usiseme nimekuficha tena.

Djibril amepimwa. Daktari anayekuja kituoni kila Jumanne hakuwahi kusikia habari hizi. Alisoma karatasi ya Murhula mara mbili, akaomba abaki na nakala, kwa sababu ana wagonjwa wengine wanaopuliza vitu kwenye vyumba vilivyofungwa. Mafuta ya damu ya Djibril yako juu, figo ziko salama, mkojo utarudiwa Oktoba. Kikohozi kimepungua tangu tuache. Makopo kumi na moja yaliyobaki yamo kwenye pipa lenye mfuniko, na Massoudi anauliza manispaa wapi pa kuyapeleka. Bado hawajajibu. Lile andishi la mlangoni Djibril alilipaka rangi ya bluu bila mimi kusema. Wateja wamepungua.

Nitasema na neno la aibu. Nilikuonea wivu hata namba yako. Wewe una thelathini na nne, una daktari wa kukuchunga, kila baada ya miezi unaitwa kwa jina. Mimi ninacho hicho hicho ndani yangu na sina hata namba ya kuchukia.

Namnyonyesha. Siku mbili za kwanza nilikataa, nikageukia ukutani, nikasema apewe maziwa ya kopo. Maziwa yakanijaa hadi kanga ikalowa, mtoto analia, Mama analia. Léoncie alikuja akakaa kitandani. "Mama Lubna, nimesoma ile karatasi pamoja na muganga. Kemikali ulizokuwa nazo, zingine zimeshamufikia ukiwa na mimba. Huyu ni mutoto mudogo, kilo mbili tu. Mupe ziwa." Nikampa. Kila anapovuta nawaza kinachopita, halafu anashiba, analegea, na mimi nawaza mambo mengine. Ameongezeka gramu mia sita.

Limebaki moja, na sikutaka kuliandika. Siku ile Prodige alipoondoka nilitoa bahasha kabatini nikampa Djibril, bado imefungwa. Nilimwambia nimeificha, na kwa nini. Akasema: "Apana, Kudra. Na wewe ulikuwa unashika kitambaa." Akaifungua mbele yangu. Nilikaa ng'ambo ya meza, naye akaiinua ile karatasi yako kati yetu, akasoma kwa sauti. Acha kupuliza. Fungua mlango. Mtoe Kudra chumbani. Kapime mkojo. Hukuuliza hata hali yake.

Alisoma hadi chini. Halafu akaigeuza karatasi, aone kama kuna kingine nyuma.

Miaka kumi na moja, dada, na bado aligeuza. Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande ule. Wakati wote anasoma, mimi nilikuwa nautazama mgongo wa barua yako, mweupe, hauna hata nukta. Kwa hilo nakushukuru.

Mdogo wako,
Kudra